Kikombe cha Maua

Kila asubuhi nampelekea mama kikombe cha maziwa, na kila asubuhi anachovya vidole humo badala ya kunywa. Anaanza na mkono wa kulia, vidole vyote mpaka kwenye maungio, anavigeuza taratibu, halafu wa kushoto. Akimaliza anajifuta kwenye kanga na kukaa ameinua mikono kidogo mbele ya kifua, anasubiri. Namwambia, "Mama, hayo ni ya kunywa." Ananitazama kama nimemkatisha kazi. Basi nachukua kikombe, namwaga, naenda kupasha mengine, na hayo mengine nayo mara nyingi anayaacha mpaka yanatanda utando juu na nzi anatua.

Nimechoka. Nalisema wazi, maana nyie wa rika langu mnaouguza wazazi nyumbani mnajua, na ambao hamjafika huko mtafika. Nafua mashuka, nageuza mtu kitandani, napika uji usioliwa, na ndugu wanapiga simu: "Dada, pole na kazi, Mungu atakulipa." Haya. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Daktari alisema ni uzee, kumbukumbu zinakwenda, nisibishane naye. Majirani hapa Shanwe wana maelezo yao. Mmoja alinong'ona kwamba mama ana mambo ya kimila, mwingine akanishauri niite watu wa maombi. Sikumwita mtu, kwa sababu najua anachofanya. Ananawa ili ashike maua. Maua yenyewe yaliungua zamani, na aliyeyaua ni mimi, au hivyo ndivyo nilivyoamini kwa sehemu kubwa ya maisha yangu.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Mzee mmoja jirani, mnusaji wa ugoro, alikuja kumjulia mama hali. Akakaa karibu na kitanda, akafungua kikopo chake, na harufu ya tumbaku ikakutana na ya maziwa ya moto mle chumbani. Alipotaka kumpa mkono, mama akaurudisha wake kifuani haraka. "Wewe, usiniguse, hujanawa!" Mzee wa watu akacheka, akadhani mgonjwa anamtania. Mimi nilitoka nje nikakaa kizingitini. Nilikuwa tena na miaka minane, na mikono yangu ilikuwa myeusi kwa gundi ya tumbaku.

Tuliishi ng'ambo ya Kasokola, kwenye kijiji cha wakulima wa tumbaku. Baba alikuwa Mkonongo, mtu wa maneno machache. Tumbaku inataka ardhi mpya na inataka kuni nyingi za kuikausha, kwa hiyo kila kiangazi baba na wenzake waliingia msituni kuangusha miti. Wanaume walitangulia na mashoka, wanawake wakafuata nyuma kuokota kuni. Mama naye alifuata nyuma ya mashoka, ila yeye alikuwa anaokota maua.

Ni yale maua yanayoota juu ya miti, yakashikilia tawi kwa mizizi. Siku hizi nasikia yanaitwa okidi, na kuna watu mijini wanayaweka sebuleni kwenye vyungu. Sisi tuliyaita maua ya mtundu, basi, kwa sababu tuliyakuta kwenye miti ya mitundu. Yana mashina yaliyosimama kama miwa midogo na mizizi myeupe iliyochongoka. Kiangazi kikali, wakati msitu mzima umekauka na hutegemei chochote, yanatoa maua ya njano yenye madoa ya kahawia. Mti ukiangushwa, ua linaanguka nao, na jua linalimaliza kabla hata gogo halijakatwa vipande. Mama aliyabandua pamoja na gome lake, akayafunga kwa kamba kwenye magogo mafupi, na magogo akayapanga kwenye kichanja nyuma ya jiko, mahali penye kivuli. Kila shamba jipya, gogo moja. Nilipopata akili yalikuwa manane.

Kijijini walimcheka. Mama alikuwa mtu wa Karema, wa kulekule ziwani, na walisema, "Wa ziwani akikosa samaki anafuga majani." Wengine walidai maua yale ni kupe wa miti, yananyonya. Mama hakugomba. "Hayanyonyi," aliwajibu. "Ni wapangaji tu, tena hawasumbui."

Lakini gogo la kwanza halikuwa la kutania. Kabla yangu mama alizaa mtoto wa kiume, Gaspari, akamzika akiwa hajatimiza miaka mitatu. Walimzika pembeni ya shamba lao la kwanza, chini ya mtundu. Kaburi la mtoto mdogo, halikujengewa. Mvua chache zikalisawazisha. Ardhi ilipochoka wakahama, aliyechukua lile shamba akaukata mti, na mama aliposikia akaenda kwa miguu, akarudi na ua lililokuwa juu yake. Hicho tu ndicho kilichobaki cha Gaspari duniani, kwani hata picha hakuwa nayo. Kwa hiyo asubuhi, akienda kwenye kichanja, mama alikuwa akiniambia, "Ngoja ninawe, nikamshike kaka yako."

Mtoto akiambiwa kitu anakichukua kama kilivyo. Mimi nilijua kaka yangu yupo nyuma ya jiko.

Mama aliyatunza maua yale kwa utaratibu ambao sijauona hata hospitali. Maji ni asubuhi tu, tena mizizini, maana maji yakilala katikati ya majani kitovu kinaoza. Miguu ya kichanja ilisimama kwenye makopo yenye maji na oili chafu ili sisimizi wasipande. Aliniambia sisimizi ndio wanaobeba vile vidudu vyeupe kama pamba na kuvifuga, kama Wasukuma na ng'ombe wao. Konokono tuliwaokota alfajiri. Kila jani alilifuta kwa kitambaa cha maji ya sabuni ya mche, juu, halafu analigeuza, chini, kwa sababu vidudu vya magamba vinajificha chini ya jani na usipogeuza hutaviona. Akikata jani bovu, kisu kinapita kwanza motoni. Na juu ya yote hayo kulikuwa na amri moja: hakuna kushika maua na mikono iliyotoka kwenye tumbaku mpaka ioshwe kwa maziwa.

Amri hiyo aliipata kwa bwana shamba. Bwana shamba aliwafundisha kwenye vitalu kwamba kuna ugonjwa wa tumbaku, wa madoa, unaohama kwa mikono, na kwamba maziwa yaliyotolewa siagi yanaufunga usihame. Kwa hiyo anayeshika miche anawe maziwa. Wengi walisema maziwa ni chakula na wakaendelea kunawa maji. Mama aliwaza peke yake kwamba ugonjwa unaohama kwenye mikono hauchagui mmea, akaichukua amri ile akaipeleka nyuma ya jiko. Jirani yetu wa Kisukuma, Mama Holo, alikuwa akisukasuka maziwa kwenye kibuyu kupata samli, na yaliyobaki alituletea. Mama alimpa dagaa kutoka kwao Karema. Tulikunywa sisi, na kikombe kimoja kidogo cha bati kikawekwa kando. Hicho ni kikombe cha maua.

Mama alinieleza habari ya ugonjwa, simsingizii. Lakini mimi nilikuwa nimeshapata maelezo yangu. Nilimwona akichovya mikono, nikaona matone yakidondoka kwenye mizizi myeupe, nikaelewa: kaka anakunywa.

Mvua za mwaka ule zilipokolea, mtu wa lori alileta habari kutoka Karema kwamba bibi anaumwa kifua, anatema damu. Mama alifunga nguo zake kwenye kanga siku hiyohiyo. Hakutuchukua, alisema kikohozi kile si cha kupelekea watoto. Mdogo wangu Desi alikuwa na miaka mitatu, amemshika gauni, analia. Mama akachuchumaa mbele yangu. "Tika, maua nakuachia wewe. Desi ataangaliwa na baba yenu. Nimeshaongea na Mama Holo, kikombe cha maua ataleta. Sawa?"

"Sawa, mama."

"Hasa la kaka yako."

"Hasa la kaka."

Akapanda lori. Barabara ya ziwani masika mnaijua, ukishavuka umevuka. Tulikaa bila yeye mpaka mvua zikaisha na majani yakaanza kukauka.

Baba hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke, maana nikisimulia watu wananuna. Ulikuwa msimu wa kuchuma, na tumbaku ikishaiva haisubiri. Alichuma mchana, nikamsaidia kufunga majani kwenye fito, na bani, kile kibanda cha kukaushia, likishawashwa moto hauachwi, ukizidi unaunguza, ukipungua tumbaku inaoza. Alikuwa analala mlangoni mwa bani, macho mekundu kwa moshi. Alisonga ugali mmoja jioni na uliobaki tulikula asubuhi na maji ya maharage. Maziwa yetu, yale ya kunywa, yalikoma. Mama aliagiza kikombe cha maua. Kuhusu mengine alidhani baba angeagiza, na baba wala hakujua kwamba maziwa huwa yanaagizwa. Yeye aliyakuta mezani miaka yote.

Desi akaacha kula. Ugali aliugeuzageuza mdomoni akautema. Mwanzoni nilimfokea, nikimwiga mama: "We Desi, kula, utakuwa mnyonge!" Halafu nywele zake zikaanza kuwa nyepesi, na rangi yake ikageuka nyekundu nyekundu. Alikuwa anakaa kwenye kizingiti cha jiko bila kucheza, bila hata kulia. Mtoto asiyelia anatisha, hata mtoto mwenzake anajua. Nikamwambia baba, "Desi hali." Baba akamtazama, akampapasa kichwa kwa ule mkono wenye gundi, akasema, "Mama yako anakuja." Akarudi kwenye moto.

Na kila baada ya siku moja Mama Holo alipita, akaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akaacha kikombe cha maua.

Nilinawa siku za kwanza, nawaapia. Ila siku moja nimeshika kile kikombe nyuma ya jiko, Desi akaja taratibu akasimama, hakuomba, akakiangalia tu. Nilisimama katikati ya ndugu zangu wawili. Nikaligeukia gogo la kwanza nikaongea nalo kwa sauti, kama mama alivyokuwa akiongea nalo. "Kaka," nikasema, "wewe umeshakufa. Muachie huyu." Nikampa Desi. Alikunywa mpaka kikombe kikamfunika uso. Mimi nililamba kilichobaki ukingoni, na mikono nikanawa maji ya mtungi.

Ilikuwa hivyo mpaka mwisho. Sikuacha kazi zangu nyingine: nilifuta majani, nikayageuza, nikaokota konokono, nikajaza makopo. Kila siku niliomba msamaha. "Kesho, kaka. Kesho nitakupa." Gundi ya tumbaku haitoki kwa maji, mnaolima mnajua, inakaa kwenye mikunjo ya vidole, nyeusi, chungu ukiilamba. Kwa vidole hivyo nililifuta kila jani.

Baadaye makopo mawili yakatoboka kwa kutu, sisimizi wakapanda, na vile vidudu vyeupe vikajaa kwenye makunyanzi ya mashina. Nilifuta nikashindwa. Nikamwendea baba nikilia. Nilitegemea aseme achana na majani, tuna kazi. Badala yake aliacha moto, akaja mpaka kwenye kichanja, jambo ambalo sikuwahi kuliona, akainama juu ya gogo la kwanza.

"Hili la Gaspa lisife," akasema.

Lilikuwa jina ambalo nilikuwa sijawahi kulisikia kinywani mwake. Akaokota vumbi na vipande vya tumbaku chini ya fito, akaviloweka kwenye ndoo mpaka maji yakawa kama chai ya rangi, akachukua ufagio wa majani akayanyunyizia maua yote manane, gogo kwa gogo, juu na chini. Hiyo ndiyo dawa aliyoijua. Kwetu kila mtu aliijua. Ilifaa kwenye nyanya, ilifaa kwenye kunguni. Baba hakuwa na kitu kingine duniani zaidi ya tumbaku, kwa hiyo alipotaka kumfanyia mwanawe jambo, alimfanyia kwa tumbaku. Vidudu vilikufa vyote. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza msimu ule niliona meno yake.

Haikupita muda majani ya maua yakaanza kubadilika. Kwanza mistari ya njano, kama mtu ameyapiga kucha. Kisha vikaja viduara vya kahawia, kimoja ndani ya kingine, na jani likalegea. Nikakumbuka mama hukata jani bovu. Nikachukua kisu nikakata, gogo la kwanza, la pili, la tatu, na moto nikausahau kabisa. Kufikia wakati wa kuchambua tumbaku, magogo yote manane yalikuwa na viduara. Mimi sikuwaza ugonjwa. Niliwaza kwamba kaka yangu ana njaa, na kwamba nimemuua mara ya pili.

Nilikuwa siwezi kulala, na ajabu ni kwamba Desi alikuwa anapona. Alianza kunisumbua, akakimbiza kuku, akalilia mambo ya kijinga. Nilimchukia kwa hilo. Nilimpenda na kumchukia kwa pamoja, na sikuwa na wa kumwambia.

Mama alirudi kiangazi kikiwa kimeingia, kanga nyeusi begani, kwani bibi alikuwa amekufa. Alishuka na kiroba cha dagaa, akatukumbatia, akanusa nywele zetu, na kabla ya kukaa akauliza, "Maua yangu?" Kiangazi ndio wakati wake, alitegemea kuyakuta ya njano. Akazunguka nyuma ya jiko na mimi nikamfuata. Alisimama mbele ya gogo la kwanza. Aliligeuza jani moja, juu, chini. Akaligeuza la pili. Hakupiga kelele.

"Tika. Ulinawa maziwa?"

Nilidhani nitasema uongo, nilishauandaa. Ukatoka ukweli, wote, kwa kilio. "Nilimnyima kaka! Nilimnyima maziwa, mama, nikampa Desi! Nilimwambia kaka amuachie! Mimi ndiye niliyemuua!"

Baba alikuwa amesimama pembeni na ndoo. Mama alinitazama kama anatafuta nilichokisema kiko wapi.

"Ukampa Desi," akasema. "Kwani Desi alikuwa anakunywa maziwa gani?"

"Hayohayo."

"Mengine?"

"Hakuna mengine, mama."

Akamgeukia baba. Baba akatazama chini. Mama akakaa palepale kwenye vumbi, na kanga yake ya msiba, akamwita Desi. Akamkamata mkono, akaugeuza, akautazama juu na chini. Akaangalia nyayo. Akashika nywele zake, ncha zilikuwa bado nyekundu na mizizi imeanza kurudi nyeusi. Alimkagua mwanawe kama alivyokagua majani, kila mahali, na alipomaliza alianza kulia.

"Gaspari alikwenda hivihivi," akasema. Hakuwa akiongea na sisi. "Wakati wa kuchuma. Nywele zilianza hivihivi, na mimi niko shambani. Halafu nimeondoka nimeagiza maziwa ya maua. Ya maua! Ya watoto sikuagiza."

Nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo. Kwa kile sikuwa nimejiandaa, kumwona mama analia kwa kosa lake, na baba amesimama na ndoo asijue aiweke wapi.

Asubuhi yake mama alisema ugonjwa ule hauna dawa, kinachobaki ni moto, la sivyo utahamia popote mikono yetu itakapogusa. Wakabeba magogo wote wawili mpaka kwenye tanuru la bani, lililokuwa limepoa. Mama alitia saba. La nane alilishika mwenyewe muda mrefu, mpaka baba akasema, "Nipe mimi." Akakataa. Akalitia kwa mikono yake. Kisha akaenda kwa Mama Holo na nusu ya dagaa, na tangu siku hiyo Desi alikunywa kikombe kikubwa asubuhi na kingine jioni, mama amesimama juu yake. Msimu uliofuata mashoka yaliingia msituni kama kawaida. Mama alifuata nyuma, akaokota kuni.

Nimekuja kuambiwa na watu waliosomea mimea kwamba inawezekana, ugonjwa wa tumbaku kuhamia kwenye maua ya aina ile kwa mikono, kwa kisu, kwa majimaji. Labda ulikuwa huo, labda mwingine, hakuna aliyepima. Labda ni vidole vyangu, labda ni ndoo ya baba. Baba alikufa bila kujua, na namshukuru Mungu kwa hilo. Mimi nimebeba lile gogo miaka yote. Niseme ukweli, sikuwahi kuzaa, na kila watu walipotaja habari za mkosi nilijiambia, kaka hajanisamehe. Ujinga. Lakini ujinga wa miaka minane hautoki kwa maji ya mtungi.

Desi ni mzee sasa, ana kitambi, anaendesha lori la mizigo, na huonekana mara moja moja. Mwezi uliopita alipita hapa Shanwe akiwa safarini. Aliingia na mikate na kelele zake, "Mama, shikamoo!" Mama akamtazama kwa heshima. "Marahaba, baba," akamjibu, kama unavyomjibu mgeni. Niliona ilivyomuuma. Nikaleta kikombe, mama akachovya vidole.

"Da Tika, si umpe tu kwa kijiko?" Desi akasema.

"Jaribu wewe, mwenye kijiko."

Akajaribu. Mama akafunga mdomo, akausukuma mkono wake. "Desi ameshakunywa?" akauliza.

"Desi ndio mimi, mama."

"Desi mdogo."

Desi akanitazama. Habari ile anaijua, nilimsimulia tukiwa watu wazima, akacheka akasema kumbe yeye ni wa thamani kuliko maua. Safari hii hakucheka. Akachukua kikombe kilekile alichonawia mama, akayanywa yote, akakipindua kumwonyesha mama kwamba kimekauka. Mama akamkamata mkono, ule mkono mnene wa dereva. Akaugeuza, akautazama juu, akautazama chini, akaurudisha gotini kwake taratibu.

"Huyu amepona," akasema.

Nilikwenda jikoni kumpashia mengine. Niliporudi Desi alikuwa anafuta macho kwa kofia yake. Nikampa mama kikombe, akakishika kwa mikono miwili bila kuchovya, nikasema afadhali, leo atakunywa.

"Na yule msichana?" akauliza.

"Msichana gani, mama?"

"Aliyekuwa anawapa wenzake. Yeye alikunywa?"

Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza. Hata mimi sikuwahi kujiuliza. "Yule alikuwa mkubwa, mama," nikasema.

"Alikuwa na miaka minane," akasema mama, kwa ukali wake wa zamani. Akanyoosha kikombe. "Mpe."

Nilikipokea. Nilikuwa sijala tangu jana yake mchana, ndivyo siku zangu zinavyokwenda. Nilikunywa nimesimama palepale katikati ya chumba, mtu mzima mwenye mvi, machozi yanaingia kwenye maziwa, na mama ananiangalia koo mpaka nikamaliza.

Mambo hayajabadilika sana. Kesho yake alichovya tena, na leo amechovya. Ila siku hizi napasha vikombe viwili. Cha kwanza ananawa, na cha pili hakigusi mpaka nimepiga funda mbele yake.